Mishahara imepanda, ila siyo ya mama anayepiga deki wodini

Mfululizo wa wiki hii ni mrefu, nimeugawa sehemu kumi. Kama uko kwenye daladala na chaji inaisha, soma ya 3 na ya 9, nyingine utazikuta kesho. Kama wewe ni mfanyakazi wa usafi, soma ya 10 kwanza. Ninayoyasema kuhusu sheria ni ya Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria zao za kazi.

1.

Tangu Mei Mosi 2025 magrupu yetu ya WhatsApp yamechangamka. Rais alitangaza pale Singida kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai 2025. Nimefurahi, sitajifanya sijafurahi. Tumeisubiri kwa muda mrefu na bado kuna mengi tunadai.

Ila kuna watu tunaingia nao zamu moja kupitia geti moja, tunavuta harufu ile ile ya jiki, na habari hiyo haikuwahusu hata kidogo. Mama wa usafi. Kaka mlinzi. Dada wa chumba cha kufulia. Siku hizi katika hospitali nyingi hao siyo watumishi wa umma. Ni waajiriwa wa kampuni iliyoshinda tenda. Wanafanya kazi hospitalini lakini kwa makaratasi siyo wa hospitali. Ukimuuliza utumishi anakwambia, "Hao siyo wetu, waulize kampuni." Ukiuliza kampuni unaambiwa, "Hospitali ndiyo imetupa bei hii."

Leo naongelea wa usafi. Na msimamo wangu nausema mapema ili tusizungukane: hospitali inayonunua usafi kwa bei ambayo haitoshi kulipa mshahara halali, nayo imeshiriki kumpunja yule mama. Haiwezi kunawa mikono ikasema ni shauri la kampuni.

2.

Kwanza tuelewane anafanya nini, maana wengi wakisikia "usafi" wanawaza kufagia majani.

Mama wa usafi wodini anaanza kabla hatujapokezana ripoti. Anapiga deki chini ya vitanda, anafuta meza za wagonjwa, anasafisha vyoo ambavyo wagonjwa 40 na ndugu zao wamevitumia usiku kucha. Leba anakuta damu na maji ya uzazi sakafuni, anatakiwa avimwagie dawa ya klorini asilimia 0.5, asubiri, ndipo asafishe. Anajua kupima hiyo dawa, maana ikiwa nyepesi haiui kitu na ikiwa nzito inamuunguza vidole na kifua. Anabeba taka kwa rangi za ndoo, anajua ipi inaenda kuchomwa na ipi siyo. Anabeba maboksi ya sindano yakijaa. Mgonjwa akifariki, godoro na kitanda vinamsubiri yeye.

Sasa sisi wauguzi tunajua maana ya hiyo kazi. Mama amefanyiwa upasuaji wa kujifungua salama, siku ya nne kidonda kinatoa usaha. Mtoto njiti anaendelea vizuri, ghafla homa. Siyo kila mara chanzo ni uchafu, lakini tukikaa kwenye kikao cha kudhibiti maambukizi, swali la kwanza ni mikono yetu na swali la pili ni usafi wa wodi. Daktari anaandika antibayotiki ya bei kubwa, sisi tunachoma sindano kila baada ya saa nane, na aliyeweza kuzuia yote hayo kwa ndoo na dawa ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote jengoni.

Na ukiangalia nani anakaa na mgonjwa, utashangaa. Mara ngapi mama wa usafi ndiye amekuja kutuita, "Sista, yule bibi wa kitanda cha mwisho hapumui vizuri"? Kwenye wodi yenye wauguzi wawili usiku, hayo ni macho ya tatu. Hayo macho hayapo kwenye tenda.

3.

Twende kwenye hesabu, na hii naomba muisome taratibu. Chukua kalamu.

Kima cha chini cha sekta binafsi kinawekwa kwa Amri ya Mshahara. Ile ya 2022 ilianza kutumika Januari 1, 2023. Kila sekta ina kiwango chake. Kwa amri hiyo ya 2022, walinzi wa kampuni ndogo walikuwa 148,000 kwa mwezi. Wafanyakazi wa sekta ambazo hazikutajwa walikuwa 150,000, na humo ndimo wengi wa usafi ninaowafahamu waliwekwa. Basi tuchukue hiyo 150,000, kiwango cha chini kabisa ambacho kampuni haikuweza kushuka bila kuvunja amri hiyo.

Mshahara: 150,000.
Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10: 15,000.
Tozo ya kuendeleza ujuzi kwa kampuni yenye wafanyakazi 10 au zaidi, asilimia 3.5: 5,250.
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5: 750.

Jumla: 171,000.

Hiyo ni kwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Hapo kampuni haijanunua ndoo wala mopa. Haijanunua glavu, buti, aproni, sabuni. Haijamlipa mtu wa kushika nafasi wakati mwenzie yuko likizo, na likizo ya mwaka ni siku 28 kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Haijamlipa msimamizi. Haijapata faida hata ya senti moja, na kampuni haikuanzishwa kwa ajili ya sadaka.

Kwa hiyo kampuni ikija na bei ambayo ukiigawa kwa idadi ya wafanyakazi inatoka 140,000, au 160,000, au hata 171,000 kamili, huhitaji kuwa mhasibu. Kuna mtu hatalipwa. Ama mshahara utakuwa chini ya amri, ama NSSF haitapelekwa, ama watu waliosemwa 30 watakuwa 19 na kila mmoja atafanya kazi ya mtu mmoja na nusu. Hakuna muujiza mwingine. Bei ya chini ya tenda inalipwa na mgongo wa mtu.

Na hao wanaopitisha tenda wanajua kugawa. Wamesoma kutuzidi.

4.

Sasa saa za kazi. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zikizidi hapo ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na zisizidi 50 katika wiki nne.

Mchukue mtu anayeingia saa 12 asubuhi anatoka saa 12 jioni, siku sita. Mtolee saa moja ya kupumzika kila siku. Zinabaki saa 11 mara 6, yaani 66. Zimezidi 21 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 84, wakati ukomo ni 50. Kwa mshahara wa 150,000 saa moja ni kama shilingi 769, mara moja na nusu ni kama 1,154. Zidisha kwa saa 84: karibu shilingi 97,000.

Yaani kila baada ya wiki nne huyo mama anaikopesha kampuni 97,000 bila riba, bila maandishi, na deni halilipwi. Mtu wa 150,000! Na huo ni mshahara kabla hajakatwa mchango wake wa NSSF, ambao ni asilimia 10 nyingine.

Wa usiku nao. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi sheria inataka aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa kawaida kwa kila saa. Kwa 769 hiyo ni kama shilingi 38 kwa saa. Usiku mzima wa saa 10 haufiki 400. Hata chapati na chai haipati hapo getini. Nimeitaja kwa sababu moja tu: ni kiasi kidogo namna hiyo na bado hakilipwi. Ukiona mtu ananyimwa shilingi 38, ujue tatizo siyo kwamba hela hakuna. Hakuna anayemuuliza.

5.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo limenifanya niandike wiki hii badala ya wiki ijayo.

Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30. Mikataba mingi ya huduma inaisha siku hiyo. Julai 1 inaingia kampuni mpya, au kampuni ile ile kwa jina jingine, na sare za rangi nyingine. Waliovaa sare ni wale wale. Jana kijani, leo bluu.

Kuna mama namfahamu, amefanya usafi wodi moja kwa miaka tisa. Amepita mikononi mwa kampuni nne. Sisi wauguzi tumehamishwa, madaktari wameenda kusoma na kurudi mabingwa, mganga mfawidhi kabadilika, yeye yupo. Anajua koki ipi inavuja na kitanda kipi kimevunjika mguu. Lakini kwenye makaratasi hana miaka tisa. Kila kampuni mpya ikiingia anajaza fomu kama mgeni, anaanza sifuri.

Kwa nini sifuri ni jambo kubwa? Hebu ona. Ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi bila haki hauwahusu walio chini ya miezi sita kwa mwajiri. Kwa hiyo kila ukianza upya, unarudi kwenye kipindi cha kufukuzwa kirahisi. Kiinua mgongo cha kisheria, mwajiri akisitisha ajira, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Miaka tisa kwa mwajiri mmoja ingekuwa siku 63. Ukikatwa vipande vipande, na kila kampuni ikiondoka usiku bila kumwaga mtu, unapata nini? Likizo ambayo hukuchukua inapotea na kampuni iliyoondoka. Mshahara wa Juni nao mara nyingi unaondoka nayo. Unampigia meneja, simu haipatikani, na wewe Julai 1 unatakiwa uwe wodini saa 12 asubuhi ukitabasamu na mwajiri mpya.

Na hapo sijataja mzee wa watu anayefikisha miaka 55, anaenda NSSF anakuta michango ya miaka yote aliyokatwa ni ya miezi michache.

6.

Sindano.

Muuguzi akichomwa na sindano iliyotumika, utaratibu anaujua: anaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, hakamui, anatoa taarifa, anapimwa, na kama inahitajika anaanza dawa za kinga, zile tunaziita PEP, mapema iwezekanavyo na kabla saa 72 hazijapita, anameza kwa siku 28. Jina lake linaandikwa kwenye rejista. Wengi wetu tumepata na chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu.

Mama wa usafi anachomwa vipi? Kuna mtu kaacha sindano kwenye shuka. Kuna mtu katupa sindano kwenye mfuko wa taka za kawaida badala ya boksi. Boksi limejaa hadi mdomoni na bado tunasukumiza. Anabeba mfuko mgongoni, sindano inapenya. Sindano hiyo ameitupa nani? Siyo yeye. Yeye hachomi mtu sindano. Kila sindano inayomchoma mfanyakazi wa usafi ilitoka kwenye mkono wa mmoja wetu.

Halafu anakaa kimya. Anaogopa kwamba akisema, kampuni itamwambia mzembe na kesho asije. Nimeshuhudia mtu anaficha kidole hadi siku ya tano. Saa 72 zilishapita zamani.

Sasa jueni hili, nyie na wao: ajali au ugonjwa uliotokana na kazi una fidia ya WCF. Mfanyakazi hachangii hata shilingi, mwajiri peke yake ndiye anachangia. Kampuni inayosema "tutakukata hela ya matibabu" inakudanganya. Na chanjo ya homa ya ini B kwa mtu anayebeba taka za hospitali siyo zawadi ya Krismasi, ni kifaa cha kazi kama buti.

Anayesafisha hospitali akiugua, mara nyingi hana bima. Anapanga foleni dirishani na kulipa cash kwenye jengo ambalo amelipiga deki asubuhi. Hili mimi silielewi na sitaki kulizoea.

7.

Najua mtakayosema kwenye maoni, ngoja nijibu kabisa.

"Sista, tetea wauguzi kwanza, na sisi tuna hali mbaya." Tuna hali mbaya kweli. Kuna vijana wetu wana diploma na leseni, wanajitolea mwaka wa pili kwa posho ya nauli. Lakini mshahara wa mama wa usafi ukipanda, wangu haupungui. Kinyume chake, siku hospitali ikizoea kwamba kazi inaweza kupatikana kwa bei ya chini ya sheria kupitia kampuni, itauliza kwa nini isifanye hivyo na kwenye maabara, na mapokezi, na hatimaye kwetu. Chumba cha kufulia kilikuwa cha watumishi wa hospitali. Jikoni kulikuwa kwa watumishi. Hesabuni wenyewe nani anafuata.

"Hawana elimu, walipwe nini?" Kima cha chini hakiulizi cheti. Ni kwa sababu mtu anakula, anapanga chumba na anapeleka mtoto shule. Halafu muda wenu wote wa Uviko mlikuwa mnawaita mashujaa, au mmesahau?

"Mishahara ikipanda kampuni zitapunguza watu." Watu wameshapunguzwa. Kwenye tenda ni 30, wodini ni 19. Tuanze na kuwaona hao 11 walioandikwa na hawapo.

"Hata kampuni zinaumizwa, hospitali hazilipi kwa wakati." Hili ni kweli, na nalisema bila kumung'unya. Kuna kampuni zinafanya kazi miezi mitatu, minne, hospitali haijatoa malipo. Mwenye kampuni ndogo anakopa alipe watu, mwisho anashindwa. Lakini hiyo inanirudisha kule kule: hospitali siyo mtazamaji. Ikichelewesha, mshahara unachelewa kwa mtu ambaye hana akiba ya wiki moja. Na mkataba wa ajira hausemi "utalipwa hospitali ikinilipa." Anayejenga kampuni kwa kutumia mshahara wa watu kama mtaji, atafute mtaji mwingine.

8.

Kuna mahali walibadilisha? Wapo. London kuna hospitali ya umma inaitwa St Mary's. Wafanyakazi wa usafi, wa chakula na wasukuma vitanda walikuwa chini ya kampuni ya nje, kama wa kwetu. Wakagoma mwishoni mwa 2019, wakidai wawe na masharti sawa na wenzao wa hospitali. Kuanzia Aprili 2020 taasisi inayoendesha hospitali hiyo ikawachukua kuwa wafanyakazi wake yenyewe.

Sisi njia ya mgomo siyo yetu. Sheria imeziweka huduma za afya kwenye huduma muhimu, na binafsi sitaki kumwacha mgonjwa. Nimeutaja mfano huo kwa sababu tunaambiwa kila siku kwamba mtindo wa tenda ndiyo maendeleo, hakuna kurudi nyuma. Kumbe watu wanarudi. Usafi wa hospitali unaweza kuwa kazi ya hospitali.

Na kama hatuwezi kufika huko kesho, basi tenda ziwe na masharti. Nadai mambo manne tu:

Moja, hospitali yenyewe ikokotoe gharama halali ya mtu mmoja kabla ya kutangaza tenda, na bei yoyote iliyo chini ya hapo itupwe nje siku ya kufungua bahasha, hata kama ndiyo ya chini kuliko zote.

Mbili, kampuni isilipwe ankara ya mwezi mpaka ilete ushahidi wa mshahara wa mwezi uliopita na wa michango ya NSSF, jina kwa jina. Na hospitali nayo ilipe kwa tarehe.

Tatu, kampuni mpya ikiingia, iwachukue waliopo na miaka yao ihesabiwe. Sare zibadilike, historia ya mtu isifutwe.

Nne, chanjo, vifaa vya kinga na rejista ya kuchomwa na sindano viwe kitu kimoja kwa wote walio ndani ya geti, bila kuangalia nani anamlipa nani.

9.

Sasa wauguzi wenzangu, hasa mainchaji wa wodi, hii ni yenu. Msiseme hatuna la kufanya.

Kila mwisho wa mwezi msimamizi wa kampuni anakuletea fomu. Unasaini kwamba usafi umefanyika na watu walikuwepo. Sahihi yako ndiyo inapanda hadi uhasibu, ndiyo inatoa hela. Mara ngapi tunasaini tumesimama, mkono mmoja umeshika troli ya dawa?

Mwezi huu kaa chini. Andika idadi halisi. Kama tenda ni watu wanne wodini kwako na ulikuwa na wawili, andika wawili. Ukiambiwa "sista usituharibie," muulize wale wawili wengine mshahara wao unaenda kwa nani. Usiandike kwa ugomvi, andika ukweli, saini, weka nakala yako.

Weka daftari la saa za kuingia na kutoka kwa wafanyakazi wa usafi pale pale lilipo la kwetu. Siku mtu akienda kudai saa zake, daftari la wodi litakuwa shahidi asiyeogopa kufukuzwa.

Mtu akichomwa na sindano, jaza fomu saa hiyo hiyo na mpeleke mwenyewe akapimwe, usimwambie "nenda kwa bosi wako." Na boksi la sindano likifika robo tatu, lifunge. Hiyo haihitaji Bunge.

Na jamani, tuwaite kwa majina. Miaka tisa mtu anaitwa "wewe wa usafi" na mtoto wa chuo aliyekuja fildi juzi! Mama ni mama, shikamoo haipunguzi cheo.

10.

Kwako mama, dada, kaka unayefanya usafi. Najua wengi hampo humu, wenye simu waonyesheni wasio nazo.

Dai mkataba wa maandishi na karatasi ya mshahara kila mwezi. Ukinyimwa, andika mwenyewe kwenye daftari: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kiasi ulichopokea. Tunza meseji za muamala kama unalipwa kwa simu, usizifute.

Nenda ofisi ya NSSF na kitambulisho chako, omba taarifa ya michango yako. Fanya sasa, usisubiri uzee. Kama unakatwa na haipelekwi, sema hapo hapo.

Hakuna mkataba unaoweza kukushusha chini ya kima cha chini, hata kama umesaini kwa hiari yako. Makubaliano ya chini ya hapo sheria haiyatambui.

Ukiachishwa kazi na unaona siyo haki, una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, kama mshahara au saa za ziada, ni siku 60. Siku hizo zinakimbia, wengi wanapoteza haki kwa kusubiri meneja apokee simu. Kwa hiyo kampuni ikiondoka Juni 30 na mshahara wako, usikae hadi Septemba ukiomba Mungu. Omba, na uende. Kufungua shauri CMA hulipii. Na Afisa Kazi wa mkoa yupo kwa ajili ya kukagua waajiri, muone.

Nendeni kwa pamoja. Mmoja akilalamika ni mkorofi, ishirini wakilalamika ni madai. Kujiunga na chama cha wafanyakazi ni haki yako, iwe kampuni inapenda au haipendi, na kukuachisha kwa sababu hiyo siyo sababu halali. Na nyie viongozi wetu wa TUGHE na TUICO, mkija hospitalini kukusanya fomu zetu, shukeni na kule chini kwenye chumba cha mopa. Huko nako kuna wafanyakazi, na hamjawahi kufika.

Inchaji yeyote atakayehesabu watu mwezi huu, aniandikie hapa chini namba mbili tu: ya tenda na ya wodini. Msitaje hospitali, msitaje kampuni, msitaje jina la mtu, sitaki mtu apate matatizo. Jumapili nitazijumlisha tuone wote kwa pamoja. Wiki ijayo ni zamu ya walinzi wa getini, na zile saa zao 12.